Nusu ya Chini ya Salopeti

Mtu wa umri wangu hastaafu. Ndivyo mlivyoniambia ninyi watatu mliojifunza kwangu, siku niliyoweka wembe mezani, na mkacheka. Sawa, chekeni. Kidole gumba cha mkono wangu wa kuume kimekufa. Nakichoma sindano, hakisemi kitu. Muuguzi alikibonyeza, akakivuta, akasema miaka ya kufumua mishono imekula mshipa, na nikiendelea mkono wote utafuata. Mwanamke mwenye watoto wawili na mume aliyekwenda asirudi anahitaji mkono. Donc, nimestaafu.

Naandika kwa sababu ya ile semina. Mnakumbuka yule mama mwenye miwani aliyetoka mbali, aliyeshika sketi yetu kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mtoto mchanga? Alisema tunachofanya kina jina: mode durable, mitindo yenye kudumu, isiyoharibu dunia. Kwao vijana wanaisomea. Akaniomba niwaeleze ninyi namna ya kujenga maisha ya kazi ndani yake, akanipa robo saa. Nilisimama nikasema, "Inadumu sababu hakuna ingine," nikakaa. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka sikula. Robo saa! Miaka yote ile, mabomu yale, na mimi nimesema maneno manne.

Basi haya ndiyo mengine.

Nilianza nikiwa na diploma ya sekondari, upande wa biashara, na mimba. Riziki, binti yangu wa kwanza, alikuwa bado anatambaa chini ya meza za watu. Baba yake aliteremka mto mpaka Basoko kwa mashua kutafuta samaki wa moshi wa kuuza, na vita ikafunga mto nyuma yake. Huku askari hawa, kule askari wale, na maji katikati hayapitiki. Tangu hapo nasikia habari zake. Anaishi. Amenenepa. Tuendelee.

Mto ulipofungwa, nguo zilikwisha. Mnaweza kudhani kwamba vita inaanza kumaliza chumvi. Chumvi ililetwa kwa ndege, ililetwa kwa baiskeli, watu walitembea msituni na chumvi kichwani. Lakini vikwembe, vile vitenge vya kutoka chini ya mto, havikuja tena, na vile vilivyokuja kwa ndege kutoka mashariki vilivaliwa na wanawake wa wauza almasi. Sisi wengine tulibaki na tulichokuwa tumevaa. Nguo ikichanika, imechanika.

Nilikwenda kwa Papa Asumani. Alikuwa fundi mzee wa Maniema, Mwislamu, mwenye kibanda kando ya soko, na kofia nyeupe ambayo haikupata doa hata siku moja ingawa alikaa karibu na pasi ya makaa. Sijui alifanyaje. Mimi nilikuwa na majivu mpaka kwenye nyusi.

"Papa, natafuta kazi."

"Unajua kushona?"

"Ndiyo. Walitufundisha ku masomo, ku shule."

"Bon. Ile utaisahau pole pole. Unajua kufumua?"

Akanipa nusu ya wembe, upande mmoja umefungwa uzi ili usikate kidole, na koti la suti la marehemu fulani. Nilikaa chini nikaanza kuvuta. Koti likalia, krrr, kola ikapasuka. Papa Asumani hakunigombeza. Alilichukua kwa upole, akalitazama, akanitazama.

"Mama, hii koti ilikukosea nini?"

"Hakuna, Papa."

"Basi usiipige."

Siku hiyo nilifumua mkono mmoja. Mmoja tu. Nilirudi nyumbani nikisema sirudi, na kesho yake nikarudi kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kusikiliza. Wakati ule kila mtu mjini alikuwa anasikiliza. Ndege ya nani hiyo? Gari la nani? Mlio ule umetoka upande gani? Mimi siwezi kusikiliza nikiwa nimekaa mikono mitupu. Wembe ulinipa kitu cha kutazama.

Haya mnayajua, lakini wacha niyaandike, maana atakuja mwingine nyuma yenu. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili, wa juu na wa chini. Usikate zote. Pita na uzi wa juu tu, kata, ruka kidogo, kata tena, kisha geuza nguo uvute wa chini: unatoka mzima, mrefu. Uzungushe kwenye gunzi la mahindi, utashonea tena. Vumbi linalobaki kwenye mstari liondoeni kwa mswaki mzee. Tundu za sindano, weka kitambaa chenye maji, pasi juu, halafu kwaruza kwa ukucha huku bado pana mvuke. Zinajifunga. Kama hazijifungi, umevuta kwa hasira. Mimi najua habari za kuvuta kwa hasira.

Na sheria kubwa ya Papa Asumani: kinachoweza kufumuliwa hakikatwi. Mkasi wake alikuwa anaufunga ndani ya kitambaa, ukitaka kuushika lazima umwombe, na kabla ya kukata alisema bismillahi hata kwenye nguo ya Mkatoliki. "Ukifumua, unaweza kurudi," alisema. "Ukikata, hakuna kurudi." Kumbukeni sheria hii. Nitairudia, na sitakuwa nikiisifu.

Kazi yetu ya kwanza kubwa ilikuwa kugeuza. Kikwembe cha wax kina rangi pande zote mbili. Kile cha bei ndogo kina rangi upande mmoja, nyuma ni cheupe kama tumbo la samaki. Lakini wax ya kweli, jua likila upande wa nje miaka na miaka, upande wa ndani umebaki unameta, haujaona kitu. Unafumua nguo yote, vipande vyote, unavigeuza, unashona tena. Mtu anatoka na nguo mpya ambayo ni ileile.

Mama mmoja wa Kapalata, mke wa askari, alituletea nguo yake iliyochoka kabisa, maua yake yamekuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Tukaigeuza. Alipokuja kuichukua alisimama mlangoni, akatoa macho.

"Hii si yangu."

"Ni yako, mama," nikamwambia.

"Yangu ilikuwa imezeeka! Mumeniuzishia kikwembe yangu, mumenipatia ya mutu mwingine!"

Papa Asumani hakuinua kichwa. "Mama, ulishaona mwizi wapi anakuachia ya muzuri, anakwenda na ya mubaya?"

"Nakwenda kuita bwana yangu!"

"Mwite. Na aje na suruali yake ya kazi, ile siku niliona magoti imechoka."

Mke wa askari, wakati ule, siyo mtu wa kuchekea. Papa Asumani akachukua nguo, akamwonyesha ndani ya mshono wa ubavu alama ndogo ya kuungua, ya pasi yake mwenyewe nyumbani. Mama akaigusa. Akaikunja, akaondoka. Kesho yake aliturudia na suruali ya bwana, magoti yamechoka kweli.

Halafu mabomu yakaanguka mjini kwenyewe. Majeshi mawili ya kigeni yaligombania mji wetu, hayakutuuliza. Hayo sitaeleza, kila mmoja wenu ana yake. Nitasema tu habari za cherehani. Tulifungua kichwa chake kwenye meza na tukashuka nacho mtoni kuvuka hadi Lubunga, ng'ambo ya mto, mimi nimekipakata kwenye mtumbwi, mdogo wake Riziki mgongoni, Riziki mwenyewe kwenye magoti ya Papa Asumani. Mpiga kasia alinung'unika njia nzima.

"Mama, hii chuma ikianguka, tunaanguka bote."

"Basi piga kasia muzuri."

"Ungebeba chakula, si chuma."

"Chakula kinaishaka."

Kule Lubunga tulikaa katikati ya mashamba ya mihogo, mashine juu ya kisiki, tukishonea watu waliokimbia na nguo moja mwilini. Wanasubiri nyuma ya majani huku tunashona. Sikuweza kukaa. Nilishona nimesimama, mkono mmoja kwenye gurudumu la mashine, kila mlio ng'ambo ya pili naruka. Papa Asumani akasema, "Mama, keti, risasi haichagui wenye kusimama." Sikuketi. Hata leo mnajua, kiti changu cha kazini ni kipya.

Tuliporudi, kibanda kilikuwa na tundu kwenye bati na pasi imeibwa. Kofia ya pili ya Papa Asumani ilikuwa bado kwenye msumari, nyeupe. Tukaanza tena.

Sasa nafika kwenye buluu.

Riziki alifika umri wa darasa la kwanza. Shule inataka nyeupe juu, buluu chini. Mnajua, nchi nzima ni hivyo. Nyeupe haikunisumbua. Baba yake alikuwa ameacha mashati. Niliyafumua kwa furaha, ndiyo siku pekee nilifanya kazi nikiimba. Lakini buluu? Mji mzima haukuwa na kitambaa cha buluu. Nilichemsha shuka na ile buluu ya kufulia, nikashona sketi, ikapendeza sana, na Riziki akaenda shule akiruka. Mvua ikamkuta njiani.

Madame Directrice, mkuu wa shule, alimrudisha yeye mwenyewe, kwa mkono, hadi kibandani. Miguu ya mtoto ilikuwa buluu mpaka ndani ya viatu.

"Mama Riziki, ginsi ninaona, ni miguu ndiyo imevaa uniforme. Sketi yenyewe iko nyeupe."

"Madame, mvua imepiga."

"Mvua imepiga batoto bote."

"Na vita imepiga batu bote! Mtoto atasoma kwa sketi ao kwa kichwa?"

Hakupandisha sauti. Alikuwa mwanamke mwembamba, naye hakuwa amelipwa na mtu yeyote tangu mto ufungwe. "Vita imekula kila kitu hapa," akasema. "Soko, hospitali, mto. Masomo yangu haitaikula. Mwenye kuingia kwangu anaingia mwanafunzi, anaonekana mwanafunzi. Tafuta buluu." Akaondoka. Nilimchukia wiki nzima. Sasa simchukii, lakini sijamwambia.

Wasichana wengi walirudishwa hivyo. Wavulana kidogo, maana kaptula inakula kitambaa kidogo. Asubuhi unawaona wasichana wanakwenda, baada ya kengele unawaona wanarudi, barabara imejaa. Na nyumbani kwangu, kwenye msumari juu ya kitanda cha papa yangu, babu yake Riziki, ilikuwa imetundikwa salopeti. Buluu. Kitambaa kizito, koti na suruali vimeshonwa pamoja, mistari ya mshono mara mbili. Kila siku naiona.

Papa yangu alikuwa fundi wa misumeno kwenye kiwanda cha mbao kando ya mto. Misumeno ilinyamaza tangu mwanzo wa vita. Hakuna gogo, hakuna mafuta, wenye kiwanda wamepanda ndege. Lakini kila asubuhi papa alivaa salopeti yake akaenda getini pamoja na wenzake. Mlinzi, Tonton Gaspar, alikuwa anakaa ndani ya kibanda chake cha saruji, anatazama kwenye dirisha dogo, anaita majina yote kwa kichwa. Unaitwa, unasimama mbele ya dirisha, unaitika "Niko." Halafu wote wanakaa ukutani mpaka mchana, wanarudi nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Siku kiwanda kitakapofunguka, wale waliokuwa wakiitika ndio watakaoingia. Wote waliamini hivyo. Na nani angewaambia hapana?

Nilimwambia mimi.

"Papa, nipe salopeti nimushonee Riziki."

Aliweka chini sahani yake ya lituma. "Berna, ile si kikwembe."

"Kiwanda kimekufa, papa."

"Kimelala."

"Miaka yote hii? Hata mzee halali hivyo!"

"Sikiya. Mwenye anavua salopeti, amejitoa ku kazi mwenyewe. Hakuna mutu amenifukuza. Mimi sitajifukuza." Akaendelea kula. Mikono yake ilikuwa haitulii. Tangu misumeno inyamaze alikuwa anasugua vidole pamoja kama mtu anayejaribu ukali wa chuma.

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo. Riziki alikuwa kizingitini, anafundisha kuku kusoma.

Aliyepata njia ni Papa Asumani. Nilikuwa nakimwagia kibanda chote hasira zangu, naye anafunga gunzi la uzi. Akauliza, "Dirisha la yule mulinzi linaonyesha mutu mpaka wapi?"

Nikafikiri. Nilikuwa nampelekea papa chakula pale, nalijua. "Mpaka kitovuni."

"Na chini ya kitovu?"

"Ni ukuta."

Akanyanyua mabega. "Bon."

Papa yangu alichukua siku kadhaa kukubali. Alitaka kwanza kuona kwamba hatukati. Papa Asumani akamwonyesha: salopeti imeungwa kiunoni, mshono mmoja wa kuzunguka. Unaufumua, nusu ya juu inabaki koti, nusu ya chini inabaki suruali, na siku kiwanda kikiamka vinaungwa tena. Papa akapitisha kidole kwenye mshono. Akasema kitu kimoja tu. Kwenye paja la kulia kulikuwa na kibandiko cha namba yake, imedariziwa kwa uzi mwekundu.

"Namba isitoke. Iende na kitambaa."

"Itakuwa kwa sketi ya mtoto, papa."

"Iko mtoto wangu. Isitoke."

Sikilizeni namna inavyofanywa, kwa sababu hili ndilo jambo langu mwenyewe, halikutoka kwa Papa Asumani. Suruali ukiifumua yote unapata vipande vinne virefu. Vigeuze, maana ndani buluu bado iko nzito. Halafu vipindue kichwa chini: mguuni ambako ni kwembamba pawe kiunoni, pajani ambako ni kupana pawe chini. Ukiviunga, sketi inatoka na mzunguko wake yenyewe, bila kukata hata kidogo. Urefu unaobaki unaukunja ndani, upindo mpana sana, na kila mwaka mtoto akirefuka unaushusha. Na namba ya paja, kwa sababu umegeuza na kupindua, inaangukia ndani ya upindo, karibu na goti la mtoto. Hakuna anayeiona.

Riziki aliingia shuleni. Madame Directrice alishika kitambaa, akakikunja, akakiachia. "Hii mvua haiwezi," akasema. Basi.

Halafu wakaja wengine. Kina papa waliingia kibandani mmoja mmoja, wanatazama nyuma kama watu wanaonunua pombe haramu ya lutuku, salopeti ndani ya mfuko. Kila namba ikabaki kwenye upindo wa binti yake au mjukuu wake. Asubuhi getini ungecheka mpaka ulie: wanaume wamesimama kwenye foleni, juu wafanyakazi kabisa, vifungo mpaka shingoni, chini mmoja ana kaptula ya mpira, mwingine kikwembe cha mke wake, papa yangu suruali yake ya misa. Tonton Gaspar aliita majina, anatazama vifua, hatazami mbali. Alijua. Binti yake alikuwa wa nne kupata sketi.

Mambo yakaenda hivyo muda mzuri. Papa Asumani alipata njia ya kurudi Maniema, akaniachia cherehani na wembe, akabeba kofia zake. Sikulia mbele yake. Nililia kwenye pasi, ikafanya tsss.

Siku moja nilikuwa getini nimeleta chakula. Gari likafika, askari wawili ndani. Akashuka bwana mmoja wa utawala mpya wa kiwanda, viatu vyake havijawahi kukanyaga unga wa mbao. Hakuingia kwenye kibanda cha mlinzi. Alisema, "Fungua. Wafanyakazi bote ndani ya uwanja, mustari."

Tonton Gaspar alinitazama. Geti likafunguka, na wanaume wakaingia uwanjani, na jua likawapiga kutoka kichwa hadi mguu.

Yule bwana alipita mbele ya mstari pole pole. Alisimama kwa yule mwenye kikwembe.

"We uko mfanyakazi ao uko bibi-harusi?"

Wale askari wake wawili wakacheka. Mwenye kikwembe akasema panya walikula. Mwingine akasema suruali imelowa, iko juani. Akafika kwa papa yangu.

"Na we? Namba yako iko wapi?"

Papa yangu hajui kusema uongo, ni kama ugonjwa. "Namba yangu iko ku masomo."

"Inasoma darasa gani?" Askari wakacheka tena.

"Ya kwanza," papa akasema. "Inasoma muzuri."

Yule bwana hakucheka. Alirudi kwenye gari, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Kesho asubuyi narudi. Salopeti nzima, namba kwa paja. Mwenye atakuja na nusu, nafuta jina yake."

Mchana kibanda changu kilijaa. Kina papa walewale waliokuja mmoja mmoja, sasa wamekuja pamoja, na mabinti zao nyuma, bado wamevaa sketi kutoka shuleni. Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga.

"Mama Riziki," akasema yule wa kikwembe, "si mubaya. Mtoto atangoja. Kazi haingojaka."

"Kazi gani? Nionyeshe kazi! Msumeno gani unakata?"

"Kesho pengine utakata."

"Na kesho mtoto atavaa nini?"

Alitazama chini. "We ulisema inaweza kurudi. Ulisema haukati."

Ndiyo. Nilisema. Papa Asumani alisema, na mimi nikasema nyuma yake. Kwa sababu hatukukata, kila kitu kiliweza kurudishwa, na hakuna hata baba mmoja niliyeweza kumwambia haiwezekani. Siku ile nilitamani ningekuwa na mkasi tangu mwanzo. Ningeikata ile buluu vipande vidogo ambavyo hakuna bwana yeyote wa gari angevirudisha kuwa suruali.

Niliwarudishia. Mnataka kujua kesi ngumu ya maisha yangu ya kazi? Haikuwa nguo ya harusi. Ni hii: msichana anavua sketi yake nyuma ya pazia, anakupa kwa mkono, anabaki na kanga ya mama yake, na wewe unaifumua mbele ya macho yake. Nilifanya haraka. Nilivuta kwa hasira, na tundu hazikujifunga.

Riziki alikuwa amekaa kwenye kona juu ya gunia la mabaki. Alikuwa ameshika upindo wa sketi yake, mahali penye namba, mkono wote umeifunika.

Papa yangu alikuja wa mwisho. Wengine walikuwa wamekwisha kuondoka na salopeti zao nzima. Alisimama mlangoni, nusu ya juu imekunjwa kwenye mkono wake. Nilimwona Riziki anasimama, anaanza kufungua kifungo cha kiuno bila kuambiwa.

"Acha, mama," papa akamwambia Riziki. "Funga."

Akaja mezani. Akaweka ile nusu ya juu mbele yangu, akainyoosha kwa kiganja, kola, mikono, vifungo vyote.

"Hii inatoa nini?"

Sikuelewa mara moja. "Papa, unataka niunge?"

"Nimeuliza inatoa nini. Mdogo wake iko anakua. Kaptula haitoki?"

"Inatoka," nikasema. "Mgongo una kitambaa kingi. Papa, kesho yule bwana..."

"Nilimujibu leo. Hakusikia vizuri, ile ni kazi yake." Alikuwa anasugua vidole pamoja.

Watu wakisimulia hadithi hii hunipa maneno mazuri ya kumjibu. Sikusema asante. Nilikuwa nimekasirika sana na dunia yote, naye alikuwa karibu. Nilimsukumia kigoda kwa mguu na kumpa nusu ya wembe. "Basi keti. Uzi wa juu tu. Usiipige."

Aliketi. Mtu aliyenoa misumeno maisha yake yote, mnajua ninyi wenyewe anavyoshika wembe. Alifumua salopeti yake mpaka kola.

Asubuhi yake yule bwana alikuja, akawatazama, akaondoka na gari. Misumeno haijakata kitu hadi leo. Tonton Gaspar aliniambia kwamba aliita jina la papa, kwa mazoea, na dirisha likabaki tupu. Suruali zilianza kunirudia kabla wiki haijaisha. Siyo zote. Kuna wasichana wawili ambao hawakurudi shuleni, na mmoja wao anauza mikate ya muhogo, kwanga, pale mnapopandia baiskeli za toleka. Mkinunua kwake, msimpunguzie bei.

Sasa mashua zinapita tena, na mitumba itakuja, na vitambaa vya buluu vitakuja, na watu watawaambia kugeuza ni kazi ya wakati wa shida. Wajibuni mnavyotaka. Wembe wangu uko ndani ya kopo, pamoja na magunzi. Kiti ni kipya. Papa yangu anabaki nanyi kibandani, hastaafu, amekataa. Akikosoa mshono wenu, fumueni.

Ile sketi imekwisha kushushwa upindo mara nyingi. Riziki aliiacha, ikaenda kwa mtoto wa jirani, sasa iko Lubunga, kwa msichana nisiyemjua. Itawarudia, maana kiuno kitambana. Ikifika, fumueni kila kitu, geuzeni, panueni, shusheni. Namba muiache mahali pake. Bado iko darasani.